Mtoto wa Miaka Mitatu na Haraka za Wakubwa

Kila mwaka unapokaribia kwisha, shule nyingi binafsi za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa husaili watoto watakaoanza chekechea Januari. Mtoto wa miaka mitatu au minne anatenganishwa na mama yake mlangoni, anakalishwa mbele ya mtu asiyemjua, anaulizwa rangi, anaambiwa ahesabu mpaka 20, anapewa penseli afuatishe herufi. Wengine hujibu vizuri. Wengine hulia. Mtoto wa miaka mitatu anayelia mbele ya mgeni ana akili timamu kabisa, ila fomu ya usaili haina mahali pa kuandika hivyo.

Mzazi anayesubiri nje ana methali yake: samaki mkunje angali mbichi. Wanaopinga haraka hupenda kumsema mzazi huyu kuwa ni mtu wa makuu anayetafuta cha kuwaringia majirani. Hao wapo, lakini si wengi kiasi hicho. Wengi wana hofu, na hofu yao ina msingi. Shule nzuri ni chache, nafasi ni chache zaidi, ajira ndiyo kabisa. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya chochote katika nchi hizi anajua kuwa anayewahi ndiye anayepata. Maoni yangu ni kwamba mzazi huyu amepiga hesabu ya foleni sawasawa na amekosea hesabu ya mtoto. Anayemwambia tu “mwache mtoto acheze” bila kugusa foleni anapoteza muda wake.

Tuanze na mtoto. Swali la kama ukuaji unaweza kuharakishwa ni la zamani. Jean Piaget, Mswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyofikiri, alizoea kuulizwa jinsi ya kuwavusha hatua upesi kila alipokwenda kuzungumza Marekani, mpaka akaliita “swali la Wamarekani”. Lakini kabla ya swali hilo, mwaka 1929, Arnold Gesell na Helen Thompson walikuwa wameshafanya jaribio moja dogo huko huko Marekani. Walichukua mapacha wa kufanana, wakamfundisha mmoja kupanda ngazi kuanzia wiki ya 46 ya umri wake, kwa wiki sita. Mwenzake walimwacha mpaka wiki ya 53, wakamfundisha kwa wiki mbili tu. Yule wa pili akamfikia wa kwanza. Mapacha wawili ni ushahidi mdogo mno, na Gesell aliamini mno kwamba kila kitu kinajifungua chenyewe kutoka ndani. Hata hivyo jambo aliloliona limerudi kuonekana mara nyingi: cha kufunzwa mapema kwa taabu mara nyingi hujifunzwa baadaye kwa wepesi.

Hapa Afrika Mashariki hoja hiyo ilipata sura nyingine. Miaka ya 1950, daktari Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga nchini Uganda akatangaza kuwa walikuwa mbele ya wa Ulaya kwa kukaa, kusimama na kutembea. Dhana ikaenea kwamba mtoto wa Kiafrika huzaliwa amewiva. Kisha Charles Super, aliyeishi na familia za Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya, alifanya kitu ambacho waliomtangulia hawakukifanya vya kutosha: aliwatazama akina mama. Akakuta kwamba wanafundisha. Mtoto wa miezi michache anachimbiwa kishimo kidogo, anakalishwa humo huku amezungushiwa nguo asianguke. Baadaye anashikwa makwapani na kutembezwa kila siku. Bibi yeyote wa pwani anayemkalisha mjukuu ndani ya beseni lililojaa kanga angeelewa mara moja kinachoendelea.

Katika makala yake ya 1976, Super alionyesha kuwa watoto wa Kokwet walikaa na kutembea kama mwezi mmoja kabla ya wa Marekani. Ila kwa mambo ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kutambaa au kuinua kichwa wakiwa wamelala kifudifudi, hawakuwa mbele. Hakukuwa na siri ya damu. Walichozoezwa walikiwahi, na kile tu.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu kisa cha Kokwet kinawasumbua wote. Kinamsumbua anayedai kwamba wazee wetu waliwaacha watoto wakue wenyewe kama majani. Si kweli, walifundisha, na kwa bidii. Kinamsumbua pia anayeamini kuwa kumwahisha mtoto katika jambo moja kunamfanya awe mbele katika yote. Tofauti iliyopo kati ya kishimo cha Kokwet na karatasi ya mazoezi ya chekechea si ya kasi. Mama anayetaka mtoto wake akae mapema ana shamba na ana maji ya kuchota. Mtoto anayeweza kukaa anaweza kuachwa na dada yake wa miaka saba, na maisha ya watu wote nyumbani yanakuwa rahisi siku ile ile. Mafunzo yanafanyika mapajani, kati ya vicheko, na mtoto akichoka anabebwa. Mtoto wa miaka mitatu anayefuatisha herufi 40 kwenye mstari hana anachokifanya nazo jioni hiyo. Zinamsaidia mtu mwingine, na huyo tutamfikia.

Kuhusu kutembea na kukaa, tunavyo sasa vipimo vinavyoweza kumtuliza mama yeyote. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likachapisha umri wa hatua sita za mwili. Kukaa bila kushikwa kulitokea kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea peke yake ni kati ya miezi 8.2 na 17.6. Yaani watoto wawili wazima kabisa, mmoja Muscat na mmoja Accra, au wote wawili katika nyumba moja, wanaweza kupishana miezi tisa. Na zaidi ya asilimia nne hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, walipita hatua hiyo wakaenda zao. Anayekwambia mwanawe alitembea na miezi tisa anakueleza habari ya kweli ambayo haina maana yoyote kwa mwanao wa miezi kumi na nne. Ile woka ya magurudumu inayouzwa kila duka la vifaa vya watoto haimwahishi mtoto kutembea. Inachokileta kwa uhakika ni majeraha, na Kanada iliipiga marufuku mwaka 2004.

Kusoma ndiko kwenye vita vyenyewe. Mtoto anayesoma akiwa na miaka minne anaonekana, anaweza kuonyeshwa mjomba, anaweza kurekodiwa video ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Je, faida hiyo inadumu? Nchini New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake waliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na walioanza wakiwa na saba. Walipofika miaka kumi na moja hivi, tofauti ya kusoma ilikuwa imefutika, na waliochelewa walielewa walichokisoma vizuri zaidi kidogo. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilikuwa na mpango wa elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini, na kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, waliingizwa kwa bahati nasibu. Hiyo iliwapa watafiti ulinganisho safi. Mwisho wa mwaka wa kwanza, waliopata nafasi waliwazidi wenzao. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kuwa kufikia darasa la sita hao hao walikuwa nyuma katika mitihani na walikuwa na matatizo mengi zaidi ya nidhamu. Dale Farran, mmoja wa watafiti, amejiuliza hadharani kama tatizo halikuwa kuwakalisha watoto wadogo muda mrefu wakimsikiliza mwalimu badala ya kushughulika wenyewe.

Utafiti mmoja haufungi mjadala, na Tennessee si Temeke. Lakini kuna jambo la karibu zaidi ambalo wazazi wetu hawaambiwi. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Mtoto akishazijua irabu tano na namna konsonanti zinavyoungana nazo, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kifini kiko hivyo pia. Utafiti uliochapishwa 2003 ulilinganisha watoto wa nchi kadhaa za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kufundishwa kusoma. Wafini, ambao huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba, walisoma karibu kila neno sawasawa. Waskoti, walioanza wakiwa na miaka mitano kwa Kiingereza, walipata kama theluthi tu. Hawakuwa wazembe. Tahajia ya Kiingereza ni msitu.

Sasa tazama tunavyofanya. Tuna lugha ambayo mtoto wa miaka sita, akiwa na mwalimu mwenye kujua kazi yake, anaweza kuisoma kwa muda mfupi. Tunaiweka kando, tunamchukua mtoto wa miaka mitatu, tunampa tahajia ngumu, ya lugha ambayo wengi hawaisikii nyumbani, kisha tunashangaa kwamba kazi inahitaji kuanza mapema. Haraka nyingi inayoonekana kuwa ya kusoma ni haraka ya Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza, mtoto atakihitaji. Lakini atakipata kwa kusikia hadithi na kuongea na watu wanaokizungumza vizuri, na si kwa kuandika neno la “apple” mara kumi katika mji ambao tufaha ni tunda la supamaketi.

Hapa lazima nimpishe msomaji anayekereka. Atasema: nyinyi watu wa magazeti mnahangaika na watoto wa shule za basi, wakati watoto wengi zaidi hawana hata mwalimu wa awali. Ana haki. Takwimu za afya za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya ni asilimia 18. Tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza 2009, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka, Kenya, Uganda na Tanzania, watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtu akisoma hayo anaweza kuhitimisha kwamba tunachohitaji ni kuanza mapema zaidi na kukaza zaidi.

Nadhani ni kinyume, na ushahidi uko Mombasa. Katika miaka ya 1980, wazazi Waislamu wa pwani walitaka watoto wao wapate msingi wa shule bila kupoteza dini, na Wakfu wa Aga Khan ukasaidia kuanzisha shule za awali ndani ya madrasa. Bi Swafiya Said alikuwa mwasisi wa kazi hiyo. Ilianza Mombasa 1986, ikaenda Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa huo huo waliopewa mafunzo. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, makombe ya baharini na vitambaa. Watoto walijipangia wakacheze wapi na nini, kisha wakaeleza walichofanya. Peter Mwaura na wenzake walipowapima, matokeo yakachapishwa 2008: waliopitia shule ya awali yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na waliopitia madrasa hizo waliwazidi wa shule nyingine za awali. Hawakuwa watoto wa matajiri. Kwa hiyo chaguo halijawahi kuwa kati ya kumkaza mtoto na kumtelekeza. Mtoto aliyedumaa anahitaji uji wenye lishe, dawa ya minyoo, mtu wa kuzungumza naye na kitu cha kushika mkononi. Penseli inaweza kusubiri kidogo.

Serikali ya Tanzania, angalau kwenye karatasi, inalijua hilo. Programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inataja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na ujifunzaji wa awali kwa pamoja. Kenya nayo, tangu Katiba ya 2010, imeweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na mtaala mpya unampa mtoto miaka miwili ya kucheza na kujaribu kabla ya gredi ya kwanza. Mitaala yetu, ukiisoma, haina haraka. Inayokimbia ni biashara iliyo kati ya mtaala na mzazi.

Mtazame mwenye shule. Mzazi amelipa ada, na ada inataka risiti inayoonekana. Kucheza hakuachi karatasi. Mtoto aliyeshinda akijenga nyumba ya mchanga, akigombana na mwenzake na kupatana naye, anarudi nyumbani na sare chafu. Daftari lililojaa alama za vema linaonekana, mazoezi ya nyumbani yanaonekana, mahafali ya chekechea yenye majoho na kofia yanaonekana kutoka barabarani. Mwalimu anayetaka kuwaacha watoto wacheze ataulizwa na wazazi kwanza, na mkuu wa shule baadaye, kwa nini daftari la watoto wake ni jeupe. Basi anajaza. Huyo ndiye mtu ambaye zile herufi 40 zinamsaidia, na simlaumu, maana mshahara wake unategemea wateja wasiohama.

Kisha kuna basi. Katika miji mikubwa, shule moja hukusanya watoto kutoka mitaa ya mbali, na wa kwanza kupandishwa anachukuliwa saa kumi na moja alfajiri. Ili awe tayari, anaamshwa saa kumi na nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Tuchukue kiwango cha chini kabisa: anapaswa kuwa amelala saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo baba yuko kwenye daladala ya Mbagala, mama ndiyo kwanza anawasha jiko, na mtoto ana kurasa mbili za mazoezi. Ikiwa analala saa tatu, amepata saa saba na nusu. Atalipa deni kwa kusinzia ndani ya basi na darasani, kisha ataitwa mzito wa kuelewa, na mzazi atashauriwa atafute tuisheni. Sijui haraka iliyo ghali kuliko hiyo. Tunanunua saa mbili za masomo kwa usingizi ambao ubongo wa mtoto ulikuwa uutumie kuyashika masomo hayo hayo.

Sasa turudi kwenye foleni. Mzazi mmoja anaweza kufanya nini? Anaweza kukataa tuisheni, anaweza kumweka mtoto katika shule ya jirani ya kutembea kwa miguu, anaweza kumchelewesha darasa la kwanza mpaka atimize miaka sita badala ya kubadilisha tarehe ili aingie na mitano. Yote ni mema, na mengine yanapunguza gharama. Lakini akifika mlango wa shule anayoitaka akakuta usaili wa kusoma, uvumilivu wake unakuwa hasara ya mtoto wake peke yake. Ndiyo maana wazazi wanaoafiki kila neno la makala kama hii hurudi nyumbani wakanunua vitabu vya mazoezi. Hawana unafiki. Wanaona milango.

Milango inaweza kusogezwa, na imewahi kusogezwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada ya likizo, ikaweka na adhabu kwa anayekaidi. Kanuni za 2015 zikapanga saa za shule za kutwa kuwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Tanzania mwanzoni mwa 2023 ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kulikuwa na kelele, hasa kutoka kwa wamiliki na kwa wazazi wanaofanya kazi mbali, na baadhi ya hoja zao zilikuwa za kweli: mama aliye peke yake na zamu za usiku hakuwa amempeleka mtoto bweni kwa kupenda sifa. Lakini agizo lilifanya kitu ambacho ushauri haukiwezi. Liliwaambia wazazi wote kwa wakati mmoja kwamba hakuna atakayeachwa nyuma kwa kumlaza mwanawe nyumbani. Nchini Kenya, tangazo la 2022 la kufuta mabweni mpaka gredi ya tisa lilitolewa bila maandalizi ya kutosha ya shule za kutwa, na matokeo yake yamekuwa ya kusuasua.

Usaili wa watoto wa chekechea ungefaa kufuata njia hiyo hiyo. Shule ikizidiwa na waombaji, ipige kura, au ichukue wanaoishi karibu, au wenye ndugu pale tayari. Vigezo hivyo vina kasoro zake, lakini hakuna kati ya hivyo kinachomfanya mtu amfundishe mtoto wa miaka miwili na nusu kutaja pembetatu kwa Kiingereza. Saa ya basi nayo haihitaji hata waziri. Kikao cha wazazi kinaweza kudai kwamba wa awali wachukuliwe kwa mzunguko wa pili, na shule inayoogopa kupoteza wateja thelathini itasikiliza haraka kuliko inavyosikiliza wanasaikolojia.

Kuna jambo moja la kufuatilia kwa macho mawili katika miaka hii. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, imepunguza shule ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na kuweka mwaka mmoja wa lazima wa elimu ya awali kabla yake. Mwaka mmoja umeondolewa juu. Mzigo wake utakwenda mahali fulani: sekondari ya chini iubebe, au mtaala wenyewe upunguzwe, au, kwa kuwa mtoto wa miaka mitano hana chama cha kumtetea, uteremshwe taratibu mpaka darasa la awali. Wachapishaji wa vitabu vya mazoezi watalijua jibu kabla ya wizara, kwa hiyo mzazi na aanzie kwenye kaunta ya duka la vitabu, atazame kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka mitano mwaka huu, kisha akilinganishe na cha mwaka ujao.